Anywe Aliye Nyuma Yangu

Maji yaliisha siku ya nane, na hapo ndipo Deka alipoanza kumtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

Kwa mtu wa nyumba ya mabati pale mjini Garissa, kuishiwa maji si habari. Unamwita mwenye mkokoteni wa punda, maisha yanaendelea. Lakini katika mashua ya matanga yenye urefu wa hatua kumi na tatu, wanamoishi watu wawili na hakuna wa tatu, maji hayaishi hivi hivi. Tangi lao lilitosha siku kumi na mbili. Deka alilijaza mwenyewe, jerikeni baada ya jerikeni, na katika kukadiria maji humwezi: amezaliwa Sangailu kwa wafugaji, ambako mtoto hujua maji yaliyobaki yatafika wapi kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Vyombo waliviosha kwa maji ya bahari na kuvisuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Kuoga ilikuwa ndoo ndogo kwa kila mtu, baada ya alasiri, wala hakuna nyongeza.

"Tangi linavuja," Salah alisema.

Deka akalala kifudifudi kwenye mbao za chumba cha chini, akaingiza mkono chini ya tangi, akapapasa kila pembe. Palikuwa pakavu kama kisigino cha mchungaji.

"Halivuji."

"Basi tumekunywa."

"Wewe na nani?"

Salah akacheka, akidhani ni mzaha, akapanda juu kutazama nanga. Deka alibaki pale chini na mkono wake mkavu, na hakucheka.

Watu walizoea kumuuliza Salah Msomali wa Garissa alifikaje baharini. Jibu lake lilikuwa fupi: alipeleka mbuzi Lamu akiwa kijana, akaajiriwa na mzee wa Kiholanzi aliyekuwa akizunguka dunia peke yake, akakaa naye miaka tisa akipika, akishona matanga na kushika usukani. Mzee alipochoka na chumvi akarudi kwao, na mashua akamwachia Salah kwa karatasi yenye mhuri. Sasa Salah alikifanyisha kazi chombo hicho kwa niaba ya watu wanaolinda kasa. Kila wiki alizunguka visiwa vidogo, kutoka Kiwayu kwenda juu, akatazama fukwe ambako kasa hupanda kutaga, akaandika alichokiona. Alipomposa Deka, wajomba wa Sangailu walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti wa ngamia, walisema, anaolewa na samaki.

Naye Deka aliyapenda maisha yale kuliko alivyotarajia. Alijifunza kupika anjera, chapati laini za kwao, juu ya jiko linalobembea. Alijifunza kulala huku sikio moja likisikiliza mnyororo wa nanga. Alijifunza kukinga mvua kwa turubai, kuanika nguo kwenye waya wa pembeni na kuzifunga fundo ili upepo usiziibe. Hata swala ilikuwa na mbinu zake: usubiri maji yalale, la sivyo mashua itageuka kwenye nanga yake, na mtu aliyeanza rakaa ya kwanza akielekea kibla atamaliza ya nne akielekea Mombasa.

Ila kulikuwa na jambo moja alilotoka nalo kwao. Baba yake, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa na mke mwingine Bura kwa miaka sita, na mama yake Deka hakujua mpaka siku ya maziko yake, watoto wanne wasiojulikana walipoingia uani wakimlilia baba yao, "aabo, aabo." Mke wa pili si haramu, kila mtu anajua. Kilichomvunja mama ni ile miaka sita ya kummiminia mtu chai na kumwamini. Deka alikuwa na miaka kumi na minne. Aliapa siku ile kwamba yeye hatakuwa mwanamke wa mwisho kujua.

Kwa hiyo maji yalipopungua, hakufikiria tangi. Alimfikiria mwanamke.

Na dalili zikaanza kumjia moja moja, kama zilikuwa zinangoja ruhusa. Walikuwa na vikombe viwili vya bati, cha Salah cha buluu na chake cha kijani. Siku moja baada ya adhuhuri alipanda sitahani akakuta kile cha kijani kimeoshwa na kuinamishwa juu ya kitambaa, nacho kilikuwa na maji ndani ya ukingo, na yeye tangu asubuhi hakukishika. Siku nyingine alikuta ndoo ya kuogea imelowa saa saba mchana. Kisha kukawa na harufu. Haikuwa ya samaki wala dizeli. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa kaa la mti, harufu ya nyumbani kabisa, harufu ya nyanya yake; na ilikuwa kwenye kikoi cha mumewe, begani, pale ambapo mwanamke huweka kichwa.

"Umepata wapi maziwa?" alimuuliza.

"Maziwa gani? Tuko katikati ya bahari."

"Unanuka kibuyu."

Salah akanusa bega lake. "Ni wewe," alisema, kwa upole kabisa. "Juzi ulipoegemea hapa ulikuwa ukinuka hivyo hivyo. Nikasema, leo Deka amewakumbuka kwao."

Deka hakuwa ameegemea bega la mtu juzi. Juzi alikuwa amelala chini kichwa kikimuuma. Aliona mumewe anadanganya kwa uso mkavu, na moyo ulimuuma.

Pale Kiwayu palikuwa na duka la mwanamke aitwaye Maka, mjane kutoka Bura, mrefu, mwenye sauti ya chini. Salah alimwendea kila Alhamisi kununua sukari na kuchajisha betri ya taa. Bura tena, Deka alijiambia. Mji mmoja tu, na umeapa kuimaliza familia yetu. Alhamisi iliyofuata alivuta mwenyewe kihori, mtumbwi wao mdogo wa kufikia nchi kavu, akapiga makasia mpaka ufukweni, akaingia dukani bila hodi.

"Abaayo, dada yangu, nimekuja kwa ajili ya mume wangu," alisema. "Niambie ukweli tu. Sitapiga kelele."

Maka akaweka kando kipimo cha sukari.

"Ukweli gani? Mume wako huja hapa na wewe."

"Mimi sijawahi kukanyaga duka hili."

"Wallahi, Alhamisi mbili zilizopita mlikuja wote wawili." Maka alishusha sauti, ingawa dukani hamkuwa na mtu mwingine. "Yeye akaingia. Wewe ulisimama pale nje kwenye jua, na shela hilo hilo la rangi ya chungwa, umetupa mgongo. Nikakusalimu mara tatu hukuitika. Nikasema moyoni, huyu dada ana majivuno. Kisha nikamuuliza mumeo mbona mke wako haingii, naye akageuka kutazama, hukuwapo. Akacheka, akasema labda umerudi kwenye kihori."

Deka alijishika kwenye meza. Aliutafuta uongo usoni mwa mwanamke yule, akapekua kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la mbuzi, na hakuupata.

Hata hivyo hakuamini. Shaka haiondoki kwa sababu imejibiwa. Hutafuta tu mlango mwingine. Wamepanga, alijiambia akirudi. Wamekubaliana maneno. Basi akaamua kumnasa mtu huyo kwa mkono wake. Kesho yake walitia nanga mahali peupe, kisiwa cha karibu zaidi kikiwa mbali kiasi kwamba hakuna mwanamke ambaye angeogelea hadi pale, na kama atakuja kwa mtumbwi ataonekana. Baada ya swala ya adhuhuri Deka alinyunyiza unga wa anjera sitahani, kutoka kwenye pampu ya tangi mpaka tezi, nyuma ya mashua, walipokuwa wakiogea, safu nyembamba ya kupokea unyayo. Kisha akashuka kulala. Salah alikuwa ameshalala.

Jua lilikuwa limesimama juu ya mlingoti. Hapakuwa na upepo. Deka alilala chali, macho wazi, akihesabu pumzi, na alikuwa karibu kuzama usingizini aliposikia ndoo ikiburutwa pale juu. Baada yake pampu ya tangi, kwiko, kwiko. Maji yakamiminwa kichwani mwa mtu, taratibu, kama anavyooga mtu asiye na haraka, na katikati ya maji yale sauti ya mwanamke ikawa inaimba kwa kinywa kilichofungwa wimbo wa kunyweshea ngamia.

Aligeuza shingo. Salah alikuwa pale pale ubavuni mwake, amelala.

Alimshika mkono akambana. "Amka. Usiseme kwa sauti."

Salah akafumbua macho, akasikiliza. "Nini?"

"Nani yuko juu?"

"Wewe," alisema kwa usingizi. "Si siku hizi unaoga mchana." Kisha macho yake yakamfikia Deka pale alipolala, yakabaki pale, na Deka aliona rangi ikimtoka mumewe usoni kama maji yanavyopwa. "Deka," alinong'ona. "Mara zote nilidhani ni wewe."

"Mara zote ngapi?"

"Kila siku. Unaoga kule tezi umenipa mgongo. Nakuita hugeuki. Wakati mwingine unakuja kukaa nyuma yangu ninaposhika usukani, unaegemea begani. Nilijua umenikasirikia kwa jambo fulani. Nikasema atasema mwenyewe."

Juu kukawa kimya. Walingoja huku wameshikana mikono kama watoto, mpaka jua lilipoinama, ndipo wakapanda. Unga ulikuwa umekanyagwa. Nyayo zilitoka kwenye pampu, zikaenda tezi, na hazikurudi popote. Zilikuwa ndogo, za mwanamke. Deka alipiga magoti akazitazama, akahesabu vidole, maana yeye alipokuwa mtoto alichomwa na mwiba wa mgunga, jeraha likaoza, wakamkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Nyayo zile zilikuwa zake, kila mstari, isipokuwa kidole kilichopungua kilikuwa cha mguu wa kulia, kama unavyojiona ukichungulia majini.

Hapo ndipo alipokumbuka kisima.

Kaskazini mwa visiwa vyote walivyovizunguka kuna kimoja kidogo wavuvi hukiita Tovu. Hakina mtu. Katikati yake kuna kisima cha mawe cha watu wa kale, na pembeni mwa kisima hori la mawe la kunyweshea wanyama, ingawa hakuna anayekumbuka ni wanyama gani. Mwezi mmoja nyuma Deka aliteremka pale adhuhuri kujaza jerikeni, Salah akiwa upande wa pili akitafuta viota vya kasa. Akateka, akajaza. Kisha akafanya alilofundishwa na mama yake, ambalo kila mtoto wa Sangailu hulifanya bila kufikiri. Huondoki kisimani ukaacha hori tupu. Alivuta ndoo moja zaidi, akaimimina horini, akasema, "Anywe aliye nyuma yangu." Kule kwao nyuma yako daima yupo mtu: mchungaji wa ukoo mwingine, punda aliyepotea, hata fisi ni kiumbe. Akainua jerikeni akaenda, na hatua chache mbele akasikia maji yakinywewa. Mnywaji alikuwa akifyonza polepole, muda mrefu, kama mwenye kiu ya miaka. Hakugeuka. Kwao kumtazama mwenye kiu akinywa ni kumvunjia heshima.

Alipomsimulia Salah jioni ile, Salah alimcheka. "Tovu? Nyuma yako kulikuwa na kaa."

Siku ya tatu baada ya zile nyayo waliiacha mashua kwenye maji ya utulivu, wakaenda bara kwa barabara ya Ijara mpaka Kotile, kwa Weris, nyanya yake Deka. Mjini Garissa watu humjua Weris kwa kutengeneza mifupa iliyovunjika. Mengine anayoyatengeneza hayasemwi sokoni. Walifika bomani kwake wakati mbuzi wanarudi kutoka malishoni, ndimi nje, na birika la kuwanyweshea limejaa. Deka alikuwa amesimama karibu na birika, mgongo wake kwenye maji. Mbuzi walikuja mbio, kisha wote kwa pamoja wakasimama. Walizunguka. Walilia. Hakuna hata mmoja aliyekubali kupita nyuma ya Deka.

Weris aliwatazama mbuzi, akiwa ameegemea fimbo yake.

"Ayeeyo," alimwita, maana nyanya wa kwao humwita mjukuu kwa jina lile lile mjukuu analomwita. "Ulimpa nani maji?"

Deka akaeleza yote, kwa sauti ndogo. Salah alikaa kwenye mkeka akitazama viganja vyake. Katika kiganja cha kulia alikuwa na kovu refu jeupe, la kamba ya nanga iliyomchoma mwaka wa kwanza baharini, na alikuwa na tabia ya kulisugua kwa kidole akiwa na hofu.

"Tumuite sheikh amsomee?" aliuliza.

"Kusoma ni ngao, someni," Weris alisema. "Lakini kisomo hufukuza mwizi, na huyu si mwizi. Ni mgeni. Aliambiwa anywe, akanywa. Wenzenu wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mmemwachia mwezi mzima, sasa ameanza kuzoea kitanda." Akasogea karibu. "Mgeni aliyenyweshwa hafukuzwi. Husindikizwa mpaka alikotoka. Mtarudi saa ile ile. Utavuta ndoo, utamimina, utasema: umekunywa kwangu, na sasa tumeagana. Kisha utaondoka usigeuke."

"Basi?"

"Sikiliza vizuri. Pale kisimani kuna anayenywesha akaenda zake, na kuna anayekunywa akabaki. Kwa hiyo maji ya kisima kile yasipite midomoni mwako, hata ulimi ukauke. Mwageni yote mliyonayo chomboni, mchukue haya ya mto Tana, mnywe haya tu. Na mumeo abaki kwenye kihori, unyayo wake usiguse mchanga. Huyo mgeni ameshamzoea."

"Anamtaka yeye?" Deka aliuliza.

Weris aligeuza fimbo mkononi. "Anataka kuwa mtu wa mtu," alisema. "Kukaa pale peke yako, miaka yote ile. Ningekuwa mimi ningetaka pia."

Safari ya kurudi Tovu iliwachukua siku mbili, upepo ukiwa mdogo, na katika siku zile mbili Deka na Salah walizungumza kuliko walivyozungumza tangu waoane. Alimwambia habari za baba yake na wale watoto wanne. Alimwambia kuhusu Maka, jinsi alivyokwenda kumkabili, jinsi alivyomnusa kikoi chake kila alipolala. Alilia. Aibu ilimshika hasa, maana mtu huyu hakuwa amemkosea hata kwa neno.

"Nisamehe," alisema. "Sitakushuku tena."

"Hata nikikosea?" Salah alitabasamu, kovu lake kwenye mpini wa usukani.

"Hata ukikosea. Wallahi, sitakushuku tena maishani mwangu."

Hakukuwa na mtu mwingine sitahani. Lakini shela la Deka lilipeperuka kidogo kuelekea mbele, na upepo siku ile ulikuwa ukitoka mbele.

Walifika Tovu jua likiwa utosini. Salah alimvusha kwa kihori mpaka maji ya magotini, akabaki amekaa na makasia mapajani.

"Nitakuwa hapa," alisema. "Soma njiani."

Deka akashika njia ya kisimani akisoma Aya ya Kursi, pole pole, bila kuruka herufi. Mchanga ulichoma kupitia kandambili. Kisima kilikuwa kama alivyokiacha, na hori lilikuwa kavu mpaka mawe yamepasuka. Alivuta ndoo. Kamba ilikuwa nzito kuliko siku ile. Alimimina, maji yakaenea kwenye mawe, na koo lake, ambalo tangu asubuhi lilikuwa limepata mafunda mawili tu ya yale maji ya Tana yaliyokuwa yakiisha, likayatamani. Akasema, "Umekunywa kwangu, na sasa tumeagana."

Nyuma yake mtu alianza kunywa.

Akaondoka, na hakugeuka, ingawa kile kilichokuwa kikinywa kilinyamaza mara moja alipopiga hatua ya kwanza, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko ule ufyonzaji, kwa sababu sasa hakujua kiko wapi, kama kimebaki horini au kinamfuata unyayo kwa unyayo kama kilivyomfuata mwezi mzima, na kila kichaka cha mkoko alichokipita kilionekana kimetikiswa punde tu na bega la mtu, na ile harufu ya kibuyu ilimtangulia, ikamzunguka, ikapotea, na aya ilikuwa ikimtoka kinywani kwa kukatika katika, ulimi ukigota kwenye meno kwa ukavu, mpaka njia ilipopinda na akamwona Salah anakuja.

Alikuwa na kile kikombe cha buluu mkononi.

Deka alisimama. "Umetoka kwenye kihori," alisema. "Ayeeyo alisema usiguse mchanga."

"Umekawia. Nilishindwa kukaa." Sauti ilikuwa yake, na ule upole ulikuwa wake. "Deka, midomo yako inapasuka. Kunywa, haya ni ya Tana, nimeyamimina sasa hivi."

Deka alikuwa bado anasoma moyoni, na sehemu moja ya moyo wake, ile ya msichana wa miaka kumi na minne, ilisimama wima na kumwambia, mtazame vizuri. Salah alimwona ameshasita. Akainamisha uso, kama mtu aliyeumizwa.

"Uliniapia," alisema. "Hata nikikosea."

Na hilo ndilo lililommaliza Deka. Mwezi mzima alikuwa amemshuku mtu asiye na hatia, akamnusa nguo, akampeleleza, akamdhalilisha kwa mjane wa watu. Sasa mtu huyo amevunja sharti kwa kumhurumia, amesimama juani na maji mkononi, na yeye anataka kumpekua tena. Aibu ikamjaa. Akaacha kusoma, akasema "Bismillahi," akapokea kikombe akanywa chote. Yalikuwa baridi. Alikuwa ameshameza funda la mwisho alipoonja ule moshi wa kibuyu, na alipoinua macho kurudisha kikombe, kiganja kilichonyooshwa kukipokea kilikuwa cha kushoto, na kovu refu jeupe lilikuwa ndani yake.

"Ahsante kwa maji," yule mtu alisema. "Nimekunywa kwako, nawe umekunywa kwangu." Akageuka, akapinda kona ya njia bila haraka.

Deka alikimbia. Kandambili zilimtoka, hakuzihisi. Alipotokeza ufukweni kihori kilikuwa tayari kinaondoka, Salah, Salah wake wa kweli, akivuta makasia kwa nguvu na uso umemwelekea mwanamke aliyekaa tezi na shela la rangi ya chungwa. Salah alikuwa akicheka kwa machozi, kama mtu aliyeondolewa jiwe kifuani. Deka alisikia kila neno, maana bahari ilikuwa shwari.

"Umefanya sawasawa? Hukugeuka?"

"Sikugeuka," mwanamke alisema, kwa sauti ya Deka. "Twende nyumbani. Nina njaa."

Deka akaita. Aliita jina la mumewe mpaka kifua kikamuuma, naye Salah aliinua macho mara moja tu, akautazama ufukwe kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapita juu yake kama unavyopita juu ya mawe, akarudi kwenye makasia. Deka akaingia majini ili amfuate, na maji yalipomfika vifundoni miguu yake ikakataa, kama ya punda aliyefungwa. Kule tezi mwanamke alikuwa amenyoosha miguu ili ikauke. Kidole kidogo cha mguu wa kulia hakikuwapo. Ipo siku Salah atautazama mguu ule vizuri, Deka alijiambia. Ni mtu makini, anahesabu nyayo za kasa, ataona. Halafu akakumbuka kwamba mwezi mzima ameutazama na hakuona, kwa sababu alimwamini mkewe.

Alisimama mpaka tanga likapotea, kama desturi inavyomtaka anayeachwa nyumbani.

Hapo kiu ikaja. Hakuwahi kujua kwamba kiu inaweza kuwa na uzito hivyo. Alirudi kisimani akavuta, lakini kila ndoo ilifika juu tupu, na alipoinama horini mawe yalikuwa yamekwisha kunywa kila kitu. Ndipo alipoelewa utaratibu wa mahali pale. Hakuna anayejitekea.

Akakaa kwenye kivuli, nyuma kidogo ya kisima, upande ambao atekaye maji huupa mgongo. Wavuvi hupita Tovu mara mojamoja, wengi wao ni watu wa pwani, hujaza madumu yao wakaenda zao na hori wakaliacha kavu. Deka hawalaumu, hawakufundishwa. Anamngoja mtu wa kwao, binti wa wafugaji aliyelelewa vizuri.